Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkeka Uliopanda Ukutani

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, wazee wetu mliokaa mbele,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru, wasusi wenzangu wa mikeka wa hapa Ujiji, Kigoma, kwa kufika na matope haya. Najua wa Bangwe wameshushwa na bajaji katikati ya njia wakamalizia kwa miguu, na wa Kibirizi tangu ziwa lilipopanda wameshazoea kuzunguka. Kabla sijaanza, tusimame kidogo tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mwaka huu. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kushona ukili kwa ukili, ule utepe uliosukwa unaounganishwa kuwa mkeka, bila uzi kuonekana. Mungu awarehemu. Tukae.

Hesabu za fedha sizisomi. Ziko kwenye daftari la kijani la mweka hazina, atazisoma mwenyewe baada ya chai, naye hapendi kusomewa kazi yake. Mimi nitasema habari moja iliyotula mwaka mzima, maana kila kikao kilianza na ajenda nyingine kikaishia hapo hapo: mkeka uliofumuliwa ukatundikwa ukutani, ni kazi ya chama hiki au si kazi yake?

Walio nje ya kamati pengine hawajui ilivyoanza. Kijana wetu mmoja wa Gungu alikuja kwenye kikao cha Februari na mkeka wa bibi yake. Mkeka wa zamani, ukili mpana, zambarau yake imekuwa kama chai iliyochuja. Tukadhani ameuleta utiwe pindo jipya. Akautandika chini, akatoa wembe, akaanza kukata mshono, ukili mmoja baada ya mwingine, huku tunamtazama. Akazifunga zile kili kwenye kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa. Nyingine zilining'inia zimenyooka, nyingine zikajikunja zenyewe, kwa kuwa ukindu, yale majani ya mkindu tunayosukia, uliokaa miaka na miaka umebanwa na mshono haukubali kunyooka kwa siku moja. Katikati akaacha uwazi, upana wa mtu aliyekunja miguu.

Mzee mmoja alitoka nje. Mimi sikutoka, ila nilisema, "Huu ni wehu. Mkeka wa bibi yako umekukosea nini?" Maneno hayo yamo kwenye muhtasari. Katibu aliniuliza kama ayafute, nikamwambia ayaache.

Sikuwa nimelewa. Mkeka kwetu hapa Ujiji ni kitu cha kukaliwa. Mgeni asiyetandikiwa hajakaribishwa, bibi harusi hukalishwa juu yake, na siku ya mwisho ndimo tunamolazwa. Nimesuka misala tangu nina miaka tisa. Kuona wembe unapita kwenye mshono kulinikaa vibaya mwilini, na bado nikikumbuka ile sauti, kama mtu anararua nguo, huwa nasisimka.

Kijana hakubishana. Wiki iliyofuata akaja nyumbani, akavua viatu, akakaa jamvini, akatoa simu anionyeshe picha. Sipendi kuonyeshwa simu. Lakini kulikuwa na picha moja iliyonifanya niitishe miwani. Kitu kikubwa, rangi ya udongo uliolowa, kimening'inia kutoka darini mpaka karibu ya sakafu, kama joho ambalo mwenyewe ametoka ndani yake. Nikauliza, ni ngozi hiyo? Akasema, "Ni katani, Mama Mwenyekiti."

Aliyekifuma ni mwanamke wa Polandi, Magdalena Abakanowicz, aliyezaliwa 1930 akafariki 2017. Miaka ya 1960 alikuwa akikusanya kamba kuukuu za bandarini, anazifumua, anazifua, anazitia rangi, kisha anafuma vitu vikubwa vya kuning'iniza. Wenye elimu ya sanaa walishindwa kuvipa jina, maana si zulia, si pazia, na si sanamu ya kuchonga. Mwishowe vikapewa jina lililotokana na lake mwenyewe, vikaitwa Abakani.

Ndugu zangu, neno katani halisemwi hivi hivi katika mkoa huu. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche pwani ya Tanga mwaka 1893, na katika mingi aliyoagiza ikanusurika 62. Kufikia enzi za baba yangu mashamba yalikuwa hayaoni mwisho, na Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote duniani kwa zao hilo. Wakataji walitoka wapi? Mnajua walikotoka. Walitoka Kasulu, walitoka Kibondo, wakaja kupanda treni hapo stesheni yetu, wakaandikwa namba, wakaitwa manamba. Baba alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi. Asiyemaliza ngwe yake, kipimo cha kazi ya siku, siku hiyo haikuandikwa. Kazi yenyewe ilikuwa kukata majani na kuyafunga mafungu ya majani 30, jua kichwani, miiba mkononi. Alirudi na sanduku la bati, blanketi moja na vidole visivyokunjika sawasawa, na mpaka anakufa hakutaka kamba ya katani iingie uani kwake. Mbuzi wetu tuliwafunga kwa kamba za magome, majirani wakituona washamba.

Sisemi jani alilokata baba ndilo lililofika Polandi. Nasema nilikaa na ile simu mpaka ikazima chaji. Kitu ambacho nyumbani kwetu kilikuwa jina la mateso, mtu amekifumua, amekisuka upya, kimesimama kirefu kuliko yeye. Ningempa baba aone. Pengine angetema mate. Lakini asingesema ni takataka.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi, na kijana akawa mwalimu. Sitawachosha na yote. Alinionyesha El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, ambaye baba yake alikuwa mfumaji wa kente, kitambaa cha kwao. Yeye hatumii uzi. Anatumia vifuniko vya chupa za pombe vilivyopondwa bapa na kuunganishwa kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka bati linaanguka kwa mikunjo kama kitenge. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Alinionyesha pia Ibrahim Mahama, naye Mghana, anayeshona magunia ya juti yaliyokwisha kubebea kakao na mkaa, akafunika nayo majengo mazima. Hapo nilicheka. Kwa magunia, Kigoma hatushindwi na mtu.

Na Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, yeye huchora kanga, pindo na mji na jina lake, maneno yakiwamo. Sisi tunazo sandukuni, wengine tunapangusia meza.

Aliyenigusa zaidi ni Igshaan Adams wa Cape Town. Huyu alianzia kwenye misala ya kuswalia. Baadaye akaanza kuchukua mazulia ya plastiki yaliyolika kutoka nyumba za watu wa mtaa aliokulia, Bonteheuwel. Anatazama yalipolika, mlangoni, mbele ya jiko, pembeni ya kitanda, kisha anafuma kwa shanga, kamba na minyororo akifuata zile alama za kulika. Nilipoelezwa hivyo nikaenda chumbani nikautazama mkeka wangu. Upande mmoja umekwisha rangi kabisa, duara, penye kiti cha marehemu mume wangu pasipokuwa na kiti, maana alipenda kukaa chini. Miaka sita nilikuwa nimepanga kuutupa. Basi nikaelewa ule uwazi aliouacha kijana katikati ya kazi yake, na nikaenda kumwomba radhi. Hilo pia nataka liingie kwenye muhtasari.

Wenzetu wa Uganda wametutangulia, na siyo mbali, ni jirani tu. Mwaka 2022 nchi yao ilipeleka banda lake la kwanza Venice, likatajwa kwa heshima ya pekee na waamuzi. Mmoja wa wasanii wawili waliopelekwa ni Acaye Kerunen, na alichokipeleka ni ususi: migomba, majani ya mitende, miaa, vitu ambavyo mama yeyote hapa anavishika gizani akavijua. Anafanya kazi pamoja na wanawake wasusi wa vijijini, na hawafichi. Ufundi wa nguo yao ya gome la mti wa mutuba, inayopondwa kwa nyundo za mbao mpaka inakuwa laini, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Na bibi zetu huku Buha, nchi ya Waha, walivaa magome pia, kabla vitambaa vya merikani na kaniki havijamiminika Ujiji kwa misafara, vikawa nguo na vikawa fedha.

Sasa msije mkasema mwenyekiti amezeeka, kila kinachoning'inia anakisifu. Vijana wetu wameleta kazi tisa mwaka huu. Mbili ni nzuri kweli. Moja, ile ya wavu, mmeiona. Ya pili ni ya binti wa Katubuka aliyesuka ukili mmoja tu, kuanzia mwezi wa saba mpaka wiki iliyopita, kila jioni kidogo, bila kuukata. Ukiuangalia unajua siku alizokuwa na haraka na siku alizotulia, na kuna pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, imesukwa ovyo kweli, akasema hiyo ni wiki mtoto alipolazwa. Hajairekebisha. Nilitaka kumwambia airekebishe nikajizuia. Saba zilizobaki ni ukindu uliotundikwa, basi. Mtu aliyeshindwa kunyoosha pindo haponi kwa kuiita sanaa. Kamati imeamua kwamba atakayetaka kufumua lazima kwanza alete mkeka mmoja aliousuka na kuushona mwenyewe, mzima, wazee waukalie. Wengine wamenuna. Watazoea.

Soko la kawaida halikuwa zuri. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 tulifurahi, vikapu vikatoka, kisha ikaja mifuko mbadala na furaha ikaisha. Mikeka ya plastiki mnaiona wenyewe madukani Mwanga. Ukindu nao umekuwa wa mbali. Wakataji wanatoa jani changa la katikati, lile ambalo halijafunguka, na wakilitoa kila mara mti unadumaa. Tulipanda machipukizi bonde la Luiche, maji yakachukua karibu yote. Tutapanda tena juu kidogo. Hayo yatosha, maana mnayajua.

Nifike kwenye jambo lenyewe ninaloomba mlipigie kura.

Katikati ya mwaka alikuja msanii kutoka mjini, simtaji. Mtu wa adabu, salamu nzuri, akaagiza ukili kwa pima. Akataka mwembamba, rangi mbili, kingo ziwe sawa kama zimepigwa rula. Kina mama sita walikesha. Akalipa bei ya pima tuliyokubaliana, hakudhulumu senti. Miezi mitatu baadaye binti mmoja akaona picha mtandaoni: ukili wetu, umekunjwa umetundikwa ukumbini, taa zinawaka, watu wameshika glasi. Chini jina lake. Na maelezo kwamba ametumia "ususi wa kienyeji". Bi mkubwa wetu wa Buzebazeba alipoonyeshwa alisogeza simu karibu na jicho, akasema, "Ule wa kushoto ni wangu. Naujua, huwa nakaza mwanzoni." Akarudisha simu akaendelea na kazi.

Wengine mlisema tumshitaki. Kwa lipi? Tulimuuzia. Kosa ni letu, tuliuza mkono kwa bei ya jamvi bila kuuliza unakwenda wapi. Hao wakubwa niliowataja nao hawafanyi peke yao, vifuniko maelfu havishonwi na mtu mmoja. Sina ugomvi na hilo, fikra ni ya mtu na mkono ni wa wengi. Ninachotaka ni mkono huo uandikwe.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, ukili wowote unaouzwa kwa kazi ya maonyesho utoke na karatasi, majina ya waliosuka na mahali, na mnunuzi atie sahihi kwamba yatasomeka pale kazi itakapotundikwa. La pili, bei isiwe ya pima peke yake. Kazi ikiuzwa, wasusi wapate fungu. Fungu kiasi gani, mtajadili. Mimi naona theluthi, katibu anaona nimezidi, na vijana wetu wenyewe wamegawanyika, maana kesho nao watakuwa wanunuzi wa ukili wa mama zao. Nawaambia mapema, sheria hii itawahusu wao kwanza.

Kuhusu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani wanayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyorudishwa baada ya kusimama, kikundi cha akina mama na kikundi cha vijana vimejaza fomu. Wazee wa kiume msitutazame, halikuandikwa fungu lenu.

Mwisho, mmeniuliza sana kama yule bibi wa Gungu aliombwa ruhusa kabla mkeka wake haujafumuliwa. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza. Akasema aliutoa kwa hiari yake, ulikuwa umeshaoza upande wa ukutani. Ila wembe ulikuwa wake, na mpaka leo haujarudi. Kijana yupo hapa, amesikia.

Kazi zote zimetundikwa ukuta wa kulia, tafadhali msiegemee. Chai iko nyuma. Wasiolipa ada wamwone mweka hazina kabla ya ajenda ya nne, kwa kuwa katiba yetu haimruhusu mdaiwa kupiga kura, na mwaka jana tulirudia kuhesabu mara mbili kwa sababu hiyo.