"Mmekaa nje nusu saa mnachezea simu": kwa nini bei yetu ya kusafisha maabara iko hivyo

Juzi mteja wetu mmoja mwenye maabara binafsi hapa Mtwara mjini kakataa kulipa bili yote. Hoja yake ni kwamba vijana walifika, wakafunika damu iliyomwagika na taulo za karatasi, wakamwagia dawa, halafu wakatoka nje wakakaa chini ya mwembe karibu nusu saa, wakarudi wakafuta wakaondoka. "Sasa hapo mimi nalipia nini, simu zao?" Na sio wa kwanza, Masasi na Lindi nako tunaambiwa hivyohivyo, kwamba kumwaga jiki hata dada wa usafi anaweza. Kwa hiyo naandika mara moja hapa, mtu akiuliza namtumia linki, nimechoka kubishana kwenye simu.

Bosi, ile nusu saa ndiyo kazi yenyewe uliyoilipia.

Tyubu, kile kichupa cha sampuli, ikidondoka ikapasuka, unachokiona sakafuni ni sehemu tu. Kuna vitone vidogo vinaruka mpaka kwenye miguu ya meza, kwenye kiti, na vingine vinabaki hewani. Kama ni makohozi ya mtu mwenye TB basi hapo hakuna kuingia na ndoo, watu wote wanatoka, mlango unafungwa, tunabandika karatasi ya kuzuia watu na tunasubiri dakika 30 kwanza kabla ya kugusa kitu. Halafu dawa nayo inataka muda wake, klorini haiui kwa kuionyesha tu damu. Inabidi ikae imelowana, na damu yenyewe inaila ile klorini, ndio maana dimbwi kubwa tunaliacha muda mrefu kuliko tone.

Tunatumia klorini ya asilimia 0.5. Jiki ya dukani ikiwa ni ya asilimia 3.5 kama ilivyoandikwa kwenye chupa, unachukua kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, hiyo hesabu sio siri. Unafunika kwanza, unamimina taratibu kuanzia ukingoni ukizunguka kwenda katikati, maana ukianzia katikati unaisukuma damu itambae, na ukimimina kutoka juu inakurukia. Vioo tunaokota kwa kibanio vinaenda kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la vitu vyenye ncha kali, karatasi zinaenda mfuko wa taka za maambukizi, halafu tunarudia dawa eneo pana kuliko doa lenyewe, mwisho maji.

Sasa njia ya mkato inayopendwa ni dekio. Damu imemwagika, mtu anachukua dekio na ndoo ileile ya kila siku, anatia jiki kwa macho, anapiga dakika mbili, pananukia vizuri, kila mtu anaridhika. Halafu dekio hilohilo linaenda mapokezi wanapokaa mama wajawazito. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado kikaambukiza. Watu wa huku mnajua mafuta ya ganda la korosho, unabangua huoni kitu mkononi, kesho ngozi imebabuka, basi na hili ni hivyohivyo ila hapa hiyo kesho inaweza kuja baada ya miezi.

Kuna maabara moja, mkoa nisiutaje, tyubu ilipasukia ndani ya sentrifuji, ile mashine ya kuzungushia damu. Mashine inapiga kelele, kijana kafungua mfuniko palepale achungulie. Hilo ni kosa la kwanza, unazima, unaiacha imefungwa dakika 30 ndio unafungua, tena ukiwa na glavu na barakoa. Basi wakatupigia, tukawatajia bei, wakaona tunawaibia wakasema watafanya wenyewe. Wakamimina jiki kavu isiyochanganywa na maji kwenye vile vikombe vya chuma vinavyoshika tyubu na kwenye rota, kile kichwa kinachozunguka, wakaiacha ilale nayo. Tulipoitwa wiki chache baadaye kwa kazi nyingine kabisa nikaiona ile mashine iko pembeni imefunikwa kitambaa, vikombe vimeliwa na kutu vina vishimo, ukiiwasha inatetemeka inataka kushuka mezani. Fundi kaletwa kutoka Dar, na nauli yake tu imepita bili yetu, vipuri bado. Klorini inakula chuma. Vikombe vya sentrifuji sisi tunatumia dawa isiyokula chuma au spiriti ya asilimia 70, na pale inapobidi klorini basi muda ukiisha tunasuuza na maji na kukausha.

Kuna wengine wanachanganya. Mtu anaona jiki peke yake haina nguvu anaongeza na dawa ya choo ile ya asidi, kumbe katengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba chenye dirisha moja. Macho yanachuruzika, kifua kinabana, na damu bado iko palepale. Hata mkojo, kama ni galoni zima la mkojo wa saa 24 limepinduka, unanyonya kwanza na karatasi ndio unaleta jiki, maana mkojo una amonia na ikikutana na jiki inatoa gesi ya kuwasha. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli za nyama za mwili, usiiguse na jiki kabisa. Na zile dawa za maabara za kutolea vinasaba (DNA) kwenye sampuli, zenye kemikali ya guanidini, ndio mbaya zaidi, zikikutana na jiki gesi yake ni sumu ya kuua.

Tukija kwenye bei. Kila kijana anavaa glavu pea mbili, gauni, miwani, gambuti, na kama ni TB barakoa ya N95 inayochuja hewa, na vingi kati ya hivyo vikitoka pale ni vya kuchoma. Kuchoma kwenyewe kunalipiwa, hatutupi dampo. Vijana wote wamechanjwa homa ya ini B, sindano tatu ndani ya miezi sita, hiyo huioni kwenye risiti. Klorini tunatumia ya unga ya asilimia 65 hadi 70, tunapima gramu 7 hadi 8 kwa lita kwa mizani na tunachanganya siku ileile, sababu jiki zile za mtaani kwenye chupa za maji hujui nguvu yake, na hata ya dukani ikikaa juani na joto letu hili inabaki harufu tu. Huo unga unatoka Dar. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara ya kutoka Dar upande wa Somanga, mzigo haupiti, na maabara zikawa zinafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo lazima tuweke stoo na stoo ni hela.

Na sio kila kitu mtuite. Tone la damu mezani vaa glavu, weka dawa, subiri dakika 10, futa, yameisha. Tunauza boksi la dharura lina klorini, taulo za karatasi, kibanio, glavu, gauni, mifuko na kibao cha kuzuia watu, tunawafundisha wafanyakazi wenu asubuhi moja. Anayelalamikia bili ndiye huyohuyo kalikataa boksi mwaka jana.

Mtu akijichoma na kioo msitupigie sisi kwanza. Aoshe na sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, aende hospitali saa hiyohiyo, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zikipita saa 72 hazianzishwi tena, na akizianza anameza siku 28.

Ukipiga simu tuambie kwanza kimemwagika nini, kiasi gani, kuna kioo au hamna, na kama kuna mtu tayari kamwagia kitu chochote juu yake, hata kama ni jiki ya kuazima kwa jirani usitufiche, maana ndio tunajua tubebe nini. Mlango uwe umefungwa, na aliyerukiwa avue koti lake palepale aliache ndani kwenye mfuko, asiende nalo nyumbani kwa mkewe kufuliwa.