Mvua ilinikuta kwenye swala

Wete, Pemba
Ijumaa, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaamu alaykum. Sie wazima, Bi Mkubwa anakusalimu na magoti yake yale yale, watoto wako chuoni. Nisamehe kwa kimya, msimu umeshika na mikono haiishi harufu ya karafuu. Siku ile uliponiambia kwenye simu kuwa siku zako zinafanana, unaamka, unafungua duka, unafunga, unalala, hujui hata Mungu yuko wapi katika hayo, nilikosa la kukujibu. Jumatano nimelipata.

Nilikuwa nimeanika. Majamvi mawili uwanjani, karafuu za siku ya tatu, zimeshageuka kahawia, ukiivunja moja inakatika tak. Kazi iliyomo mle unaijua: kuchuma, kuzichambua kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vyake, hadi usiku, na kilo tatu mbichi zikikauka unapata moja. Nikaingia kuswali adhuhuri. Rakaa ya pili nikasikia bati linadonolewa. Tone, tone, kisha ikamwagika. Wallahi ulimi uko kwenye Fatiha, moyo uko uwanjani unakokota jamvi. Karafuu zikirowa zikavunda hufanya weupe, na bei yake unaijua.

Natoa salamu, natoka mbio, majamvi hayapo. Yako barazani, yamekunjwa, turubai juu, na juu ya turubai jiwe. Uwanjani kwangu kainama Mama Salma wa nyumba ya pili, mvua yamwishia mgongoni, anaokota zilizomwagika moja moja anazitia kwenye pindo la kanga.

Mama Salma, Zuhura! Tangu yale maneno ya shughuli ya Rukia, mfungo mosi, hatujapeana hata salamu. Watoto wake wakija kuomba chumvi nawapa, yeye nampita.

Nikatupa jicho kwake. Jamvi lake lingali nje, linanyeshewa. Alianza na langu.

Nikakimbilia kwake, naye akanifuata, tukashika huku na huku. "Inua upande wako," akaniambia. Ndilo neno peke yake tulilosemeshana. Zake nyingi zimerowa.

Tangu hapo silali vizuri. Babu alikuwa akitusimulia habari alizozipokea kwa wazee wake, kile kimbunga cha 1872 kilivyong'oa mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika, na sie tukashangaa ukubwa wa Mungu. Mie nimeuona ukubwa huo huo katika mvua ya robo saa. Kila swala naomba riziki, na siku ile iliokolewa na mikono ya mtu niliyemnunia, mimi nikiwa bado juu ya msala. Usiku karafuu zikanukia nyumba nzima, nikalia. Harufu niliyozaliwa nayo, nikawa kama naisikia mara ya kwanza. Asubuhi nikafagia uwanja, nikakuta karafuu tatu zimebakia kwenye matope, nikaziosha, nikaziweka dirishani. Ziko hapo hadi sasa. Salma anapita kwenda skuli, namuita nampa andazi, na hata hilo siku hizi nalifanya kwa raha.

Ila bado sijaenda kwake. Nafika kwenye ua narudi. Nikimpelekea karafuu kavu kufidia zake ataona namlipa, na lile si jambo la kulipwa. Nikienda mikono mitupu, naona haya. Bi Mkubwa anasema nipike mkate wa kumimina niende nikakae tu.

Wewe ulikuwepo kwenye shughuli, yale maneno uliyasikia. Je, nianze kwa kuomba radhi, au niyaache yalivyo? Waonaje ukimpigia simu kwanza, akajua nakuja? Au itakuwa kama natuma wajumbe kwa mtu wa nyumba ya pili? Na lile duka lako, nani huwa wa kwanza kuingia asubuhi, na unajua anatoka wapi? Boti unapanda lini? Nijibu kabla ya Jumapili, unga nimeshauloweka moyoni.

Ni mie,
Mwana