Barua kwa Baraka: gavana wa turbini, maji na ubishi wetu

Jinja, Uganda

Kaka Baraka,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, ya kutetea H-infiniti, ile mbinu ya kompyuta ya kubuni kidhibiti kinachostahimili hali mbaya zaidi, kwa ajili ya gavana, kifaa kinachofungua na kufunga lango la maji ili turbini isibadili kasi. Nimecheka uliposema anayechora grafu za Bode, zinazoonyesha mtambo unavyojibu kwa kila masafa, siku hizi ni mtu wa makumbusho. Basi soma majibu ya makumbusho.

Hapa bwawa la Nalubaale linafua umeme tangu 1954. Ukifungua lango la turbini ghafla, nguvu haipandi: kwanza inashuka. Maji yaliyomo bombani ni mazito, hayakimbii kwa amri, na shinikizo linapungua mpaka yashike kasi. Katika modeli ya vitabuni, nguvu hushuka mara mbili ya ulichoongeza kwenye lango kabla ya kupanda. Mzigo ukikua, maji yanayopita ni mengi zaidi na kuchelewa huko kunazidi. Sasa, ni mbinu ipi ya kubuni itafuta hilo? Ya Isaac Horowitz, ninayoipenda mimi, ya kubuni kwa grafu, haitafuta, na H-infiniti yako pia haitafuta. Gavana mwenye pupa atayumbisha zile hezi 50 za gridi, hata kama hesabu yake ni ya kifahari.

Wewe unaamini neno "bora" kupita kiasi, kaka. LQR, kidhibiti kinachotafuta gharama ndogo kabisa kwa hesabu, peke yake ina akiba ya pembe (kipimo cha ucheleweshaji kinaoweza kuuvumilia kabla ya kuyumba) ya angalau digrii 60, safi kabisa. Lakini ukiiongezea kichujio cha Kalman, kinachokisia hali ya mtambo kutoka vipimo vyenye kelele, ikawa LQG, dhamana hiyo inapotea. Mtafiti wa udhibiti John Doyle alilionyesha hilo mwaka 1978, na ikhtisari ya makala yake ilikuwa maneno matatu tu. Ufupi wa kiburi, ila napenda.

Nakubali: George Zames alipofungua njia ya H-infiniti mwaka 1981, na Doyle na wenzake walipoleta suluhisho lake la milinganyo miwili ya Riccati (milinganyo ya matriki) mwaka 1989, mitambo yenye viingilio na vitokeo vingi ilipata zana ambayo mbinu ya Horowitz huifikia kwa jasho. Ila Horowitz alianza na swali ninalolitaka mimi: mtambo huu unaweza kubadilika kiasi gani? Kwenye H-infiniti swali hilo unalificha ndani ya vizito vya masafa, yaani uzito unaoupa kila masafa katika hesabu, kisha kompyuta inatoa jibu na wewe unaliita hakika. Nani alichagua vizito?

Kwa gavana mmoja wa turbini, mimi nabaki na PID, kidhibiti cha kawaida kinachojibu kosa la sasa, lililojikusanya na linavyobadilika, na grafu zangu. Nitumie modeli yako ya nusu mzigo na ya mzigo kamili, pamoja na vizito ulivyotumia, nivipime mwenyewe.

Msalimie mama, na watoto pia.

Wako,
Juma