Malalamiko Kuhusu Marekebisho Tuliyoyalipia Kufutwa na Toleo Jipya la Mfumo

Mhasibu Mkuu,
Kampuni ya Usambazaji wa Vifaa vya Ujenzi,
Mwanza.

2 Desemba 2024

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFUTWA KWA MAREKEBISHO YA MFUMO WA MAUZO, STOO NA UHASIBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nalalamikia kazi iliyofanywa na mafundi wenu Jumamosi ya tarehe 16 Novemba, walipopandisha mfumo wetu kwenda toleo jipya na kufuta marekebisho ambayo ninyi wenyewe mlitutengenezea mwaka 2021, nasi tukayalipia hadi senti ya mwisho. Nalalamikia pia ankara kifani ya shilingi 6,400,000 mliyotuletea siku nne baadaye, mkitutaka tununue upya kitu kilekile.

Naomba nieleze kilichotupata, kwa sababu majibu ya fundi wenu yanaonyesha kwamba anayachukulia marekebisho hayo kama mapambo. Sisi tunanunua nondo kwa tani na kuziuza moja moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja tunaihesabu kuwa nondo 93. Tani ya nondo za milimita 16 haizidi nondo 52, na ya milimita 8 inapita 200. Mfumo wenu ulipokuja kutoka kiwandani ulikubali uwiano mmoja tu wa tani kwa bidhaa zote, jambo lisilowezekana katika biashara ya chuma, na ndiyo maana mlituwekea sehemu maalumu ya kuandika uwiano wa kila unene. Kwa miaka mitatu hakuna mtu stoo aliyelazimika kushika kikokotoo.

Jumatatu ya tarehe 18 asubuhi lori lilishusha tani 28 za nondo za milimita 12. Mtunza stoo alijaza hati ya kupokelea mzigo kama siku zote, na mfumo ukaandika kwamba tumepokea nondo 28 badala ya 2,604. Kufikia saa nne mfumo ulikuwa umekataa kutoa ankara kwa maelezo kwamba mzigo umekwisha, ilhali chuma kilikuwa kimelala uani, hatua chache kutoka kwenye meza ya karani wa mauzo. Fundi mmoja wa ujenzi aliyefuata nondo 40 za nguzo za darasa alisimama hapo akituangalia, asielewe kwa nini tunamwambia asubiri. Tuliandika mauzo ya siku tatu kwa mkono. Kibaya zaidi, gharama ya tani nzima ilibebeshwa nondo moja, na taarifa ya faida ya wiki hiyo ikageuka hasara ambayo haikuwepo.

Rekebisho la pili lilihusu kodi ya zuio. Halmashauri inaponunua bidhaa za shilingi 10,000,000, tunaongeza VAT ya asilimia 18 na ankara inakuwa shilingi 11,800,000. Wakati wa kulipa inazuia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa, yaani shilingi 200,000, na kutulipa 11,600,000. Sehemu mliyotutengenezea iliipeleka ile 200,000 kwenye leja ya kodi ya zuio ili tuje kuidai kama kodi iliyokwisha kulipwa. Sehemu hiyo ilipofutwa, ankara zilizokwisha kufungwa zilifunguka zenyewe, na tarehe 19 mfumo ukawatumia wateja wetu wa serikali barua pepe za kudai madeni ambayo hawadaiwi. Nimelazimika kwenda mwenyewe katika ofisi mbili kuomba radhi. Heshima ambayo kampuni hii imeijenga kwa wahasibu wa halmashauri ni mali yetu kama lilivyo ghala, nanyi mmeitia doa.

Haya yote yalitokea wakati ritani ya VAT inatakiwa kufika Mamlaka ya Mapato ifikapo tarehe 20. Barua yangu ya Oktoba, ambayo nakala yake naiambatisha, iliwaomba msiguse mfumo kati ya tarehe 1 na tarehe 20 ya mwezi wowote. Haikujibiwa.

Kilichonifanya niamini kwamba kosa ni la namna mlivyofanya kazi, wala si la toleo jipya lenyewe, ni kwamba kiungo cha risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, kilisalimika. Kiungo hicho kilijengwa kando, kama programu inayojitegemea na kubadilishana taarifa na mfumo. Uwiano wa nondo na kodi ya zuio, kwa upande mwingine, mafundi wenu waliviandika ndani ya faili za msingi za programu, zilezile ambazo kila toleo jipya huja kuzifuta na kuweka nyingine juu yake. Aliyeandika humo alijua, au alipaswa kujua, kwamba siku ya kupandisha toleo kazi yake itapotea. Hakutuambia, na hakuacha hata ukurasa mmoja unaoorodhesha alichobadilisha.

Jambo hili lina utaratibu unaojulikana miaka mingi. Katika mifumo ya SAP, ambayo ni programu za kuendeshea shughuli za kampuni, vitu vinavyotengenezwa kwa ajili ya mteja hupewa majina yanayoanza na herufi Z au Y ili visigongane na vya mtengenezaji, na pale msimbo wa msingi ulipoguswa, kuna hatua ziitwazo SPDD na SPAU ambazo wakati wa kupandisha toleo humwonyesha fundi kila kilichobadilishwa, naye huamua kipi kibaki na kipi kirudi katika hali ya asili. Katika Odoo, programu nyingine ya aina hiyo, mabadiliko ya mteja huwekwa kwenye moduli yake inayorithi ile ya msingi, bila kuigusa. Sidai kwamba mfumo wenu ulingane na hiyo. Nadai kwamba mafundi wenu wafanye kwa daftari na kalamu kile ambacho mfumo haujawafanyia.

Tulipoomba mturudishe tulikotoka, tuliambiwa kwamba nakala rudufu iliyochukuliwa Jumamosi ile ni ya hifadhidata peke yake, na kwamba faili za programu hazikuhifadhiwa. Sikuamini nilipoisoma barua pepe hiyo mara ya kwanza. Mlichukua takwimu zetu mkaacha chombo kinachojua kuzisoma.

Fundi wenu ameandika kwamba marekebisho ya mteja hayamo katika mkataba wa matengenezo. Kifungu cha nne cha mkataba kinataja "mfumo kama ulivyokabidhiwa", na mfumo tuliokabidhiwa mwaka 2021, kwa hati yenye sahihi na mhuri wenu, ulikuwa na marekebisho hayo ndani yake. Wala hatukatai matoleo mapya. Tunafahamu kwamba la zamani lilikuwa limeacha kupata viraka vya usalama, na tuliunga mkono uamuzi wa kuliacha.

Tunataka ankara kifani ya shilingi 6,400,000 ifutwe kwa maandishi, na marekebisho yote mawili yarudishwe kwa gharama zenu, safari hii yakiwa nje ya faili za msingi, pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa tukabidhiwe sisi. Tunataka pia seva ya majaribio yenye nakala ya takwimu zetu, ambayo mtunza stoo na karani wa mauzo wataitumia kwa wiki nzima kabla ya toleo lolote kugusa mfumo halisi. Kuhusu barua za madai zilizokwenda kwa halmashauri, tunataka barua yenu rasmi inayokiri kwamba zilitokana na hitilafu ya mfumo, ili niipeleke mwenyewe.

Tunasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita bila majibu, shauri hili litakwenda kwa msuluhishi aliyetajwa katika mkataba, na malipo ya matengenezo ya robo mwaka ijayo yatasimama.

Nimeambatisha hati ya makabidhiano ya mwaka 2021, barua yangu ya Oktoba, hati ya kupokelea mzigo ya tarehe 18 Novemba na ankara zote za mkono za siku tatu hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu Mkuu,
kwa niaba ya Mkurugenzi Mtendaji