Harambee ya Unga kwa Mocímboa da Praia: Debe 540, Lori Moja

Wapendwa wana usharika na majirani zetu wa Mbeya, Bwana Yesu asifiwe.

Tunaomba mahindi debe 540, maharage kilo 1,080, na fedha za mafuta, chumvi na lori. Ni chakula cha siku 30 kwa familia 120 za Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Mji huo ni bandari ya zamani ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, na Kimwani cha wenyeji wake ni ndugu wa Kiswahili. Vita ya jimbo hilo ilianzia hapo tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi viliposhambuliwa. Agosti 2020 waasi waliiteka bandari, wakaikalia mwaka mzima hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoikomboa Agosti 2021. Kuna waliorudi na kukuta nyumba majivu. Kuna walio bado ukimbizini Mueda na kwingineko, maana usalama haujatulia, na shamba lisilolimwa kwa hofu halijazi ghala.

Hesabu yetu ni ya familia ya watu 5: unga kilo 60, maharage kilo 9, mafuta ya kula lita 4, chumvi robo tatu ya kilo. Unga kilo 7,200 unadai mahindi gunia 90 za kilo 100, yaani debe 540, kwa kuwa kukoboa kunakula karibu kilo 20 katika kila 100. Jumuiya zetu ziko 27, kwa hiyo kila moja ilete debe 20 za mahindi na kilo 40 za maharage. Pumba zitauzwa kwa wafuga nguruwe na kuku, zilipie mashine.

Kwa nini sembe, wakati wote tunajua dona ina lishe zaidi? Kiini cha mahindi kina mafuta, na ndani ya lori lenye joto dona huanza kuchacha mapema. Mahindi mazima nayo hayamfai mtu asiye na mashine ya kusaga karibu. Tutafunga mifuko 360 ya kilo 20, mitatu kwa familia, uzito ambao mama anaweza kujitwika.

Tafadhali, mahindi yawe makavu kweli. Chukua chupa kavu, tia kiganja cha chumvi kavu na mahindi, tikisa vizuri, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Yenye unyevu huota ukungu na kuleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Gunzi lenye ukungu litupwe zima, usichambue punje. Yaliyowekwa dawa ya ghala yaje na tarehe ya kuwekwa dawa. Yakiwa mapya hatutayasaga mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite. Wazee wa kanisa watapima mlangoni, na debe bichi litarudi nyumbani hata likiwa la mwenyekiti.

Msilete mbegu. H614 na wenzake ni za nyanda za juu, pwani hazitaki. Nguo pia hapana, zinakula nafasi ya unga. Mifuko haitakuwa na nembo ya kanisa wala vipeperushi: watu wengi wa pwani ile ni Waislamu, na anayepewa unga asidhani anadaiwa kitu.

Lori la tani 10 litapita Makambako, Songea, Tunduru hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja. Hapo mzigo utahamishiwa gari la Msumbiji. Dereva wetu havuki. Vibali vya kutoa chakula nje, cheti cha maharage cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea) na karatasi za forodha vianze kushughulikiwa sasa, orodha ya mzigo ikiwa na nakala ya Kireno. Karatasi moja ikikosekana, unga unalala mpakani. Na mvua za Desemba zikianza, barabara za vumbi upande wa pili huwa tope.

Fedha zitanunua madumu 24 ya mafuta ya alizeti ya lita 20, chumvi kilo 90 na mifuko, zilipie lori na vibali. Zipelekwe kwa mhazini wa usharika pekee, na kila mtu adai risiti. Mazao yapokelewe ukumbini kila Jumamosi ya Agosti, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Asiye na usafiri amwambie kiongozi wa jumuiya mapema. Guta la usharika litapita.