Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC: katuni za zamani zirudi na msimuliaji wa kwetu

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KATUNI ZA ZAMANI NA SAUTI YA MSIMULIAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Tanga. Najua mafaili mezani kwako ni mengi, kwa hiyo ombi nalitanguliza: TBC ichukue katuni chache za zamani, hizi zinazofufuliwa sasa huko duniani, ichague zile zenye msimuliaji mmoja au zisizo na maneno kabisa, iziwekee msimuliaji wa Kiswahili, kisha izioneshe kila jioni kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Siombi chaneli mpya ya watoto. Naomba kama dakika kumi na moja kwa siku.

Wimbi lenyewe bila shaka umeliona. Maya, yule nyuki aliyetengenezwa na Wajapani na Wajerumani mwaka 1975, alirudi 2012 kwa picha za kompyuta. Mwaka 2015 peke yake Waingereza walirudisha Teletubbies, Danger Mouse na Clangers. DuckTales ya 1987 ikaundwa upya 2017. Warusi nao mwaka 2021 wakawarudisha mbwamwitu na sungura wa Nu, pogodi!, waliokuwa wakifukuzana tangu 1969. Sababu kubwa ni biashara, na siwalaumu. Mzazi akiona jina alilolijua utotoni hazimi televisheni. Anakaa na mwanawe watazame wote, na wiki inayofuata ananunua mdoli.

Ila kwetu hesabu hiyo inagoma. Wazanzibari walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Mtu wa Bara aliyevuka miaka hamsini leo hana katuni ya utotoni ya kurudishiwa. Ana redio. Ana Mama na Mwana, kipindi cha hadithi za watoto cha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na sauti ya mtangazaji wake Debora Mwenda. Mtajie Binti Chura, wa moja ya hadithi zile, uone anavyotabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwona huyo Binti Chura kwa macho, na kila mmoja ana wake kichwani hadi leo.

Kwa hiyo ukimletea mzazi wa Kitanzania katuni ya zamani ya Ulaya jinsi ilivyo, kwake ni katuni nyingine tu ya kigeni. Lakini ukimletea picha hizo huku mtu akizisimulia kwa Kiswahili, taratibu, kwa ile namna ya jioni, hapo umemrudishia kitu chake mwenyewe. Na mtoto wake anakipata kwa mara ya kwanza.

Nikuoneshe ninachokisema kwa mfano wa Clangers. Ni viumbe wadogo wa rangi ya waridi, wamefumwa kwa uzi wa sufu, wanaishi kwenye kisayari chenye mashimo na wanakunywa supu wanayochotewa na joka. (Utaniambia hivyo ni vikaragosi, si katuni. Mtoto hajali.) Walianza kuonekana BBC mwaka 1969. Wawili ndio walioibuni kazi hiyo, Oliver Postgate na Peter Firmin, wakipiga picha zao kwenye banda la shambani huko Kent. Postgate aliandika hadithi na kuzisimulia mwenyewe. Viumbe wenyewe hawasemi neno, wanapiga miluzi tu. Kila kinachoeleweka kinatoka kwa msimuliaji, au kwa mtoto mwenyewe akikisia mluzi huu umebeba hasira au utani.

Walipofufuliwa 2015, kwa Uingereza alisimulia Michael Palin, na kwa Marekani akasimulia William Shatner. Picha ni zilezile, miluzi ni ileile. Hebu litazame hilo vizuri, Ndugu Mkurugenzi. Waingereza na Wamarekani wanazungumza lugha moja, na bado waliona kila upande uwe na msimuliaji wake, mwenye lafudhi ambayo watoto wa upande ule wanaijua. Sisi tunaowawekea watoto wetu katuni kwa Kiingereza cha watu wengine tumeona nini ambacho wao hawakukiona?

Na Clangers hawako peke yao. Thomas, yule treni wa buluu, alianza 1984 akisimuliwa na Ringo Starr wa Beatles, mtu mmoja akitoa sauti za vichwa vya treni vyote. Miaka ya baadaye katuni hiyo ilipohamia kwenye picha za kompyuta, kila kichwa kikapewa mwigizaji wake. Ninyi mkienda kununua, chukueni ile ya zamani. Kuna Fuko wa mchora katuni Zdeněk Miler, wa Chekoslovakia ya 1957. Filamu yake ya kwanza ina mazungumzo. Baada ya hapo Miler aliyaondoa, akabaki na vicheko na vishindo, ndiyo maana Fuko yule ameeleweka nchi nyingi bila mkalimani. Na huyo sungura wa Kirusi anayemponyoka mbwamwitu kila mara, mtoto gani wa Kitanzania atahitaji kuelezwa ni nani? Ni Sungura wetu, na mbwamwitu ni Fisi kavaa suruali. Msimuliaji akiwaita hivyohivyo Sungura na Fisi mimi sitalalamika.

Watu wa hesabu watakuuliza gharama. Anayenunua haki za kuonesha vipindi vya namna hii anaweza kuomba pia sauti ya muziki na milio iliyotengwa na maneno. Katuni ya waigizaji wengi ni kazi nzito kuiingizia lugha: mtafsiri anapima kila sentensi ilingane na midomo inavyofunguka na kufungwa, waigizaji wanaitwa studio mmoja mmoja, na neno likizidi urefu mnarudia. Msimuliaji mdomo wake hauonekani. Anachodaiwa ni kuanza na kumaliza kwa wakati. Mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na chumba kisichopitisha kelele. Vyumba hivyo mnavyo pale Barabara ya Nyerere tangu enzi za RTD.

Wala sisemi TBC imelala. Mwaka 2011 ninyi ndio mlioonesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Watu wazima walimfuatilia mke wa Beijing akivutana na wakwe, wakacheka, wakabishana kwenye daladala nani ana makosa. Hakuna aliyesema Mchina hawezi kuzungumza Kiswahili. Azam TV nao wametia Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, na mama zetu sasa wanawajua masultani kwa majina. Kinachowezekana kwa sultani kinashindikanaje kwa fuko?

Vilevile ni kwenu ambako Ubongo Kids ilianza, mwaka 2014, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na leo imevuka mipaka mingi. Kina Kiduchu na Koba nyumbani kwangu ni kama ndugu. Nina neno moja tu, na si la kuwalaumu waliobuni kazi ile: watoto wetu wanafundishwa kutwa nzima. Shule hesabu, masomo ya ziada hesabu, katuni nayo hesabu. Jioni wapate kisa kisichowadai chochote, ambamo joka anapakua supu na hakuna anayeulizwa amejifunza nini.

Nina ombi jingine, nalo litagharimu zaidi. Mwaka 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales, vipindi 52, iliyotengenezwa Nairobi na Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya London, ikaoneshwa BBC na Disney. Inaeleza kwa nini nyoka hana miguu, tembo alipataje mkonga, kwa nini kiboko hana manyoya. Picha zake zimefuata mkono wa Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyekuwa akichora Oysterbay kwa rangi ya mafuta kwenye vipande vya silingibodi mpaka alipouawa mwaka 1972. Waliokuwa na miaka mitano ilipotoka katuni hiyo sasa ni watu wazima, kwa hiyo kwa mahesabu ya makampuni hayo nayo imeshafikia umri wa kufufuliwa. Ina mazungumzo mengi, kwa hiyo msimuliaji mmoja hataimudu peke yake. Itahitaji waigizaji kamili. Lakini kama kuna katuni moja ambayo Watanzania wana haki ya kuisikia kwa Kiswahili kila mwaka, kwenye televisheni ya taifa, bila kulipia kifurushi, ni hiyo. Mtoto akimaliza kuitazama anaweza kupelekwa Morogoro Stores, hukohuko Oysterbay, akawaone wachoraji wenyewe wakichora chui yuleyule mwenye macho makubwa.

Sasa msimuliaji. Hapa ndipo mambo yanapoweza kuharibika, kwa hiyo niruhusu nijifanye mjuaji kidogo. Tafadhali asiwe mtangazaji anayepiga kelele. Tunao wengi, wazuri kwa mpira na matangazo ya sabuni. Katuni hizi zinaishi kwa ukimya. Msimuliaji anasema, ananyamaza, mluzi unapigwa, mtoto anacheka, ndipo anaendelea. Aliyezoea kuona kunyamaza hewani ni kosa ataijaza kila sekunde maneno. Tafuteni TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, tafuteni kwa bibi zetu. Waiteni watu wa umri wote waje wasimulie mbele ya watoto halisi, si mbele ya kamati, na yule ambaye watoto wameacha kujigusagusa na kutazama mlango wakati anazungumza, huyo ndiye. Aanze na "Hadithi, hadithi!" kisha asubiri. Sebule nzima itamjibu "Hadithi njoo! Uwongo njoo! Utamu kolea!" ilhali hakuna anayeisikia, na hiyo ndiyo raha yake.

Tafsiri nayo apewe mtu anayejua kusimulia, si anayejua kutafsiri tu. Wazee wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nawaheshimu, wapitie makosa ya sarufi. Lakini mtoto wa miaka minne asisikie sentensi iliyovaa suti.

Tahadhari moja. Si kila cha zamani kinafaa. Tom na Jerry wa miaka ya 1940 wana mtumishi wa nyumbani mweusi ambaye uso wake karibu hauoneshwi, amepewa Kiingereza cha kumfanyia mzaha, na kuna vichekesho vya kulipuka ambapo sura inageuka nyeusi ili watu wacheke. Mwaka 2014 baadhi ya wauzaji wa filamu mtandaoni waliweka onyo kabla ya katuni hizo. Nasi tunazionesha hadi kwenye mabasi ya mikoani! Awepo mtu pale kwenu anayetazama kila kipindi hadi mwisho kabla hakijaenda hewani, na awe na mamlaka ya kusema hiki hapana.

Mwisho nina maswali mawili, na kwa kuwa barua ni ya wazi ningependa na majibu yawe ya wazi. La kwanza: kanda za Mama na Mwana zipo? Maktaba ya RTD iliingia mikononi mwa TBC, na kama hadithi zile zimesalimika, hata chache, basi ninyi mna kitu ambacho BBC hawakuwa nacho walipowafufua Clangers: sauti iliyokwisha kurekodiwa, inayopendwa na wazazi nchi nzima, inayosubiri picha tu. Vijana wa kuchora wapo. Wapeni kanda moja na muda wa kutosha, na haki za aliyesimulia zilindwe kwa maandishi kabla penseli haijashikwa.

La pili: kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, ni nani anayeamua nini kioneshwe, na sisi wazazi tunaweza kumpata kwa njia gani? Sikuulizi ili nimlaumu. Nataka nimpelekee orodha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mtazamaji,
Tanga.