Tangi la maji la gari la safari halijai? Tafuta hewa kwanza

Msimu wa safari ukikaribia, lalamiko linaloletwa gereji ni lilelile: tangi ni la lita 80, zimeingia 30, kisha maji yanarudi juu na kumlowesha anayejaza. Dereva anahisi tangi limeziba au pampu imekufa, anaagiza vipuri, anabadilisha, na tatizo linabaki pale pale. Makala hii ni kwa madereva wa watalii, wenye magari ya kukodisha yenye mahema juu ya paa, na wanaovuta trela za kambi kwenda hifadhi za Uganda kama Kidepo, Murchison au Ishasha. Sehemu kubwa ya uchunguzi huu unaifanya mwenyewe kwa bisibisi, jerikeni la lita 20 na kipande cha mpira msafi.

Tangi unaloliita tupu limejaa hewa. Ili lita moja ya maji iingie, lita moja ya hewa lazima ipate pa kutokea. Tangi la gari limefungwa kila upande, kwa hiyo hewa hiyo inategemea bomba moja jembamba linalotoka juu ya tangi na kupanda hadi karibu na mdomo wa kujazia. Bomba hilo likikataa, maji yanafanya kama yanavyofanya kwenye chupa iliyozamishwa kinywa chini ndani ya ndoo: hayaingii, hata umimine kwa bidii gani. Ndiyo maana tunaomba wateja wetu wasiguse pampu wala kununua tangi jipya kabla ya kulikagua bomba la hewa.

Namna maji yanavyorudi tayari inakuambia mengi. Yakirudi mara moja, yakibwaga mapovu mdomoni pa kujazia, hewa imekosa njia yake na inapigana na maji ndani ya mpira uleule mmoja wa kujazia. Yakijaa mdomoni, ukasubiri dakika moja yakashuka, ukaongeza yakajaa tena, hewa inatoka ila kwa tabu: bomba ni jembamba mno, au limekunjika, au lina maji yaliyotuama ndani. Yakiingia vizuri hadi robo tatu kisha yakagoma kabisa, kagua jinsi gari lilivyosimama na mahali bomba la hewa lilipoungwa kwenye tangi. Na kama jerikeni zote zimeingia bila shida lakini geji inasema nusu, tangi lako ni zima. Geji ndiyo mgonjwa.

Jaribio la dakika kumi

Egesha gari mahali tambarare. Funga koki ya kumwagia maji iliyo chini ya tangi, kisha legeza klipu na uchomoe bomba la hewa pale linapoungana na tangi, si kule mwisho wake. Sasa mimina maji kwa faneli. Yakiingia jerikeni zima bila kusimama, ugonjwa uko kwenye bomba la hewa. Yakiendelea kurudi hata bomba likiwa limechomolewa, ugonjwa uko kwenye mpira wa kujazia au kwenye kiungio chake. Jaribio hili linaokoa pesa nyingi kuliko kipuri chochote tunachouza.

Bomba la hewa ulilolichomoa lipulize kwa mdomo. Pumzi inatakiwa ipite bila mashavu kuvimba. Likikataa, ingiza waya laini uliokunjwa ncha, kwanza kutoka ule upande wa nje. Kinachotoka mara nyingi ni udongo mkavu uliofinyangwa vizuri kabisa: nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa huu, na gari likikaa bila kazi wiki kadhaa wanajenga na kutaga humo. Vumbi jekundu la barabara za murramu hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi, hasa likikutana na unyevu uliobaki ndani. Dawa ni kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, chenye matundu ya milimita 1 hivi, kilichofungwa mwishoni mwa bomba, na mdomo wa bomba ugeuzwe utazame chini. Wavu wenye matundu madogo kuliko hayo utaziba kwa vumbi, nawe utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa lingine.

Tafadhali usipulize kwa kompresa ya upepo wa matairi ukiwa umeacha bomba limeungwa kwenye tangi. Chukua tangi ambalo sehemu yake ya juu ni sentimita 60 kwa 40. Upepo wa pauni moja na nusu tu kwa inchi ya mraba (psi), ambao hauwezi hata kusimamisha tairi la baiskeli, unalisukuma bati hilo la plastiki kwa nguvu ya takribani kilo 250. Kompresa ya kituo cha mafuta ina zaidi ya pauni 100. Tangi linavimba, viungio vinapasuka, na ufa unaoonekana baadaye barabarani chanzo chake kilikuwa pale kituoni. Hatari ni hiyohiyo unapokandamiza mpira wa bomba la mji hadi ukabana kabisa mdomo wa kujazia huku njia ya hewa imeziba. Acha nafasi pembeni ya mpira kila mara.

Unene wa bomba la hewa nao una maana kuliko watu wanavyofikiri. Bomba la ndani milimita 6 lina nafasi robo tu ya lile la milimita 12, na msuguano wa hewa ndani yake ni mkubwa zaidi. Ukimimina lita 15 kwa dakika, bomba jembamba la mita moja na nusu linaweza kula sentimita 5 hivi za kimo cha maji kinachosukuma. Kwenye magari ambayo mdomo wa kujazia uko sentimita 15 au 20 tu juu ya tangi, sentimita hizo huna za kugawa. Sisi tunafunga milimita 12 kwenda juu, hata pale fundi wa kwanza aliporidhika na mpira wa kuoshea vioo.

Kosa lingine linalojificha ni tumbo: bomba linashuka kidogo nyuma ya kiti au juu ya chesi, kisha linapanda tena. Gari likiyumba njiani maji yanaruka ndani ya bomba na kutuama pale chini. Tumbo lenye maji ya kimo cha sentimita 10 linadai sentimita 10 za msukumo kabla hewa haijapita. Ukipuliza kwa nguvu utasikia yakibwabwaja na utadhani umelizibua, lakini safari moja ya matuta inayarudisha. Bomba lipande moja kwa moja kutoka kwenye tangi, lifungwe kila sentimita 30, na mwisho wake usiwe chini ya usawa wa mdomo wa kujazia, la sivyo maji yatamwagikia huko kabla tangi halijajaa.

Gari likisimama kwenye mteremko

Huku kwetu suala hili ni la kila siku. Vituo vingi vya mafuta vya Kabale na Kisoro viko kwenye ardhi iliyoinama, na gari lililopakiwa hema, friji na mizigo nyuma tayari linainama lenyewe. Tuseme tangi lina urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20, yaani lita 80, na limelala kwa urefu wa gari. Gari likiinama kiasi cha upande mmoja kuwa juu kwa sentimita 5, na bomba la hewa liko upande wa chini, maji yanafika kwenye tundu la hewa mapema na kulifunga. Upande wa juu unabaki na kabari ya hewa ya lita 10 isiyo na pa kwenda. Hakuna kilichoharibika, geuza gari ili upande wenye bomba la hewa uwe juu, utazipata lita zako. Ukiagiza tangi jipya, omba matundu mawili ya hewa, moja kila mwisho, yaunganishwe juu kwa kiungio cha T. Ni nyongeza ndogo sana.

Mpira wa kujazia wenyewe unatakiwa uwe wa milimita 38 au 40, laini kwa ndani, wa daraja la maji ya kunywa. Ule wenye mikunjo ndani unapunguza mwendo wa maji na kufuga ute. Mpira wa mafuta usiutumie kamwe: ladha na harufu ya dizeli haziondoki kwa kuosha. Upapase wote kwa mkono, kwa sababu mara nyingi umebanwa na mkanda wa tangi au umekunjika pale sakafu inapotobolewa, mahali ambapo jicho halifiki. Kwenye mipira ya zamani, ngozi ya ndani hubanduka na kuanguka kama ulimi: kwa nje mpira ni mzima, maji yakianza kupita ulimi unalala na kuyazuia. Huo hauna matibabu, ukate utupe.

Geji zinadanganya kwa njia mbili. Zile za pini za chuma hushikwa na chokaa na matope, hasa kama unajaza kwa maji ya visima yenye madini mengi, na nyaya zake huota kutu ya kijani chini ya gari. Zile za boya hukwama. Mwaga tangi lote, kisha lijaze kwa jerikeni moja moja na uandike geji inasema nini kila baada ya lita 20. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango. Hata geji mbovu inafaa ukijua inavyodanganya.

Gari lenye matangi mawili yaliyounganishwa kwa chini lina tabia yake. Kama bomba linalounganisha ni la milimita 12, tangi la kwanza linajaa na kutapika wakati la pili bado liko nusu. Badilisha liwe la milimita 25 au 32, na hakikisha kila tangi lina bomba lake la hewa. Tangi la pili lisilo na njia ya hewa halitajaa hata ukisubiri hadi asubuhi.

Kwa wanaojaza kwa pampu ya volti 12 kutoka kwenye jerikeni au kisima: safisha chujio kwanza, kisha kagua klipu za upande wa kuvuta, kwani tundu la sindano linatosha pampu ivute hewa badala ya maji. Pampu ndogo ya kuzamisha ikizungushwa nyaya, chanya na hasi zikabadilishana, mara nyingi itazunguka na kutoa maji kidogo sana, na mtu atailaumu bure.

Halafu kuna tangi linalojaa vizuri Kampala na kufika Karuma likiwa nusu. Hilo linavuja. Lijaze, weka karatasi kavu chini ya kila kiungio, washa injini dakika kumi ili mtikisiko ufanye kazi, kisha soma karatasi. Lita 80 ni kilo 80 zinazoruka kwenye kila wimbi la barabara ya murramu. Mikanda ikilegea, tangi linavuta viungio hadi vinaachia. Kaza mikanda kabla ya kufikiria silikoni, maana silikoni juu ya kiungio kinachocheza haidumu hata safari moja.

Ukishalifungua tangi, lioshe kabla ya mtu kunywa. Chukua dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tia mililita 120 kwenye tangi la lita 80, jaza maji hadi juu, fungua kila bomba la kuchotea maji mpaka usikie harufu, acha saa 4, mwaga, kisha suuza hadi harufu iishe. Dawa ikiwa kali zaidi, punguza kwa kadiri hiyo.

Ukituletea gari, lilete tangi likiwa tupu na usipulize bomba la hewa kwanza, ili tuone kilichoziba kikiwa mahali pake. Tuambie ulijazia wapi mara ya mwisho, maji yalirudi baada ya jerikeni ngapi, na gari lilikuwa limeinamia upande gani. Kazi ya bomba la hewa na mpira wa kujazia humalizika siku hiyohiyo; tangi linalohitaji kutobolewa au kuhamishwa liache siku mbili. Usingoje wiki ya kuondoka, kwa sababu Apoka, kule ndani ya Kidepo, si mahali pa kuanza kutafuta klipu ya milimita 40.